Woga si ushirikiano

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema hofu ya kurogwa inawafanya wanakijiji wasaidiane, kwamba mtu hamnyimi jirani chumvi asije akaamka mguu umevimba. Hilo lipo, sikatai. Hata kwetu Kilolo, mkoani Iringa, mwenye mahindi mengi akiwa mchoyo husemwa mpaka atoe. Lakini ramli ikishaingia, mambo yanageuka.

Nimeona kijiji kikichanga fedha kumleta mganga. Akazunguka na usinga wake, akamnyooshea bibi mmoja mjane. Bibi yule ndiye alikuwa akituamsha alfajiri siku za kualikana kulima, kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kichwani. Msimu uliofuata hakuna aliyekanyaga shambani kwake. Ukatokea msiba, akaleta ndoo ya mahindi yaliyokobolewa. Ikakaa pale mlangoni hadi jioni, hakuna mkono ulioigusa, akajitwisha mwenyewe akarudi nayo. Ndoo ile sijaisahau. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa nacho kikafa, maana mweka hazina alikuwa binti yake.

Hapa Tanzania Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na inakataza kumtaja mwenzako kuwa mchawi. Wenyeviti wetu wa vitongoji wanaijua? Mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe kwa imani hizihizi za kishirikina, jirani zetu kabisa.

Nawaomba viongozi, na wachungaji na mashehe pia, wazuie michango ya kumleta mpiga ramli mapema, kabla daftari halijaanza kuzungushwa nyumba kwa nyumba.