Kazi ya kikundi ikae mahali pamoja

Tulikuwa watano: mmoja Newala, mmoja Kibondo, wawili Dar es Salaam, na mimi Singida. Waliosoma kwa masafa wanajua kazi ya kikundi inavyotesa. Mwanzoni tulirushiana mafaili kwenye simu: “kazi mwisho”, “kazi mwisho kabisa”, “kazi mwisho ya kweli”. Tulipokusanya, aya tatu za mwenzetu wa Kibondo hazikuwemo. Alikuwa ameziandika kwenye faili la zamani. Aliumia, na alikuwa na haki.

Ndipo tukahamia Google Docs, andiko moja tunaloliandika wote. Saa sita usiku, bando la usiku likishaanza, naona majina yetu yenye rangi yakitembea kwenye ukurasa. Usiku mmoja dada wa Newala aliniachia swali pembeni ya sentensi: “Hii umeitoa wapi?” Nikarudi kitabuni, kumbe nilielewa kinyume. Hapo nilijifunza kuliko kwenye mihadhara mitatu. Halafu historia ya marekebisho inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi, kwa hiyo anayebebwa anajulikana. Wahadhiri waiangalie kabla ya kutoa alama.

Ninachokataa ni kudhani kwamba kusoma mtandaoni maana yake ni kikao cha video. Kikao kinataka wote tuwe na umeme, mtandao na nafasi saa ile ile. Mwenzetu wa Kibondo ni muuguzi, anaingia zamu za usiku. Kikao hakimsubiri, andiko linamsubiri.

Wala vyuo havihitaji kununua kitu kipya. Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ni ya bure na tayari inatumika katika vyuo vingi. Ndani yake mna wiki, yaani kurasa ambazo kikundi kizima kinaandika, na programu yake ya simu inakuruhusu kupakua somo ukalisoma baadaye bila mtandao. Tatizo ni kwamba mara nyingi inageuzwa kabati la kuwekea slaidi, mhadhiri anaweka na kuondoka.

Kwetu aliingia mhadhiri mmoja, mara moja tu, akaacha mstari pembeni ya aya ya pili: “Hapa hamjabishana vya kutosha.” Tulibishana siku nne.