Mkasi wa Yoko Ono na suala la ugenini

Machi 1965, katika ukumbi mdogo wa Carnegie jijini New York, msanii wa Kijapani Yoko Ono alipiga magoti jukwaani, mkasi mbele yake. Watazamaji walipanda mmoja mmoja, kila mtu akakata kipande cha nguo aliyovaa Yoko na kuondoka nacho. Kwenye filamu iliyobaki, kijana mmoja anakata shimizi, kisha mikanda ya sidiria. Yoko anajifunika kifua kwa mikono, kimya. Kila nikiitazama namwonea uchungu, na namheshimu zaidi.

Je, kuishi ugenini, New York, kuliwakomboa wasanii wanawake wa Kijapani kama yeye? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Shigeko Kubota alifanya onyesho lake Tokyo mwaka 1963, na hakuna mhakiki aliyeandika hata mstari. Mwaka uliofuata akahamia New York. Yayoi Kusama, ambaye mama yake alipinga kabisa asiwe mchoraji, alifika huko 1958, na kufikia 1969 alikuwa akiongoza watu walio uchi katika bustani ya MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa.

Lakini huko nako kulikuwa na macho ya watu. Julai 1965 Kubota alifunga brashi kwenye chupi, akachuchumaa na kupaka rangi nyekundu kwenye karatasi sakafuni. Leo kazi hiyo inasifiwa kama ushujaa wa kike, ilhali mwenyewe alikuja kusema kwamba wenzake wanaume ndio waliomsihi aifanye. Kauli hiyo hainitoki akilini. Isitoshe, onyesho la mkasi lilianzia Kyoto, Julai 1964, kabla Marekani haijaliona. Ujasiri walisafiri nao. Walichokipata ugenini ni wenzao na watu wa kuwatazama, na kutazamwa kule kulikuwa na gharama.

Anayenivutia zaidi ni Mieko Shiomi. Alikwenda New York na Kubota mwaka 1964, akarudi Japani mwaka uliofuata, na kazi haikukatika. Kati ya 1965 na 1975 aliwatumia watu wa nchi mbalimbali barua zenye maagizo mafupi, kwa mfano angusha kitu, nao wakamjibu walichofanya. Matukio ya kwanza aliyaweka kwenye ramani ya dunia kwa vibendera vidogo vya pini. New York nayo ilikuwa humo, pamoja na miji mingine.