Madaktari, mlimwambia mama anayenyonyesha aache maziwa. Mbona hamkumwambia ajaribu tena lini?

Wiki jana tulikuwa na ubatizo kwetu Moshi. Mtindi upo, keki imekatwa, chai ya maziwa ipo jikoni tangu alfajiri. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, kakaa pembeni na chupa ya chai ya rangi aliyokuja nayo kutoka kwake. Keki hataki. Mtindi hataki. Mkate kausoma karatasi yake mbele na nyuma, kisha akaurudisha mezani. Nikamuuliza kulikoni.

"Wifi, mimi si niliambiwa niache maziwa? Mtoto tumbo lilikuwa linamsumbua."

Aliambiwa lini? Mtoto akiwa na wiki kama sita. Mtoto huyo sasa anasimama dede, na muda wote tunaongea alikuwa anavuta kitambaa cha meza adondoshe vikombe.

Hasira yangu si kwake. Ni kwa yule aliyemwambia "acha maziwa" akaishia hapo, akaita mgonjwa anayefuata.

Mama anayenyonyesha kuacha maziwa ya ng'ombe si tiba. Ni kipimo, tena nusu ya kipimo. Anaacha maziwa na kila kilichotengenezwa nayo kwa wiki 2 hadi 4, anamwangalia mtoto. Mtoto akipata nafuu, mama anarudi kunywa kama alivyozoea kwa wiki moja hivi, anamwangalia tena. Dalili zikirudi, na akiacha tena zikatulia, hapo ndipo unaweza kusema mtoto ana mzio wa protini ya maziwa. Zisiporudi, maziwa hayakuwa na kosa, mama anaendelea na chai yake. Miongozo ya madaktari kuhusu mzio wa maziwa inayoitwa iMAP, iliyotokana na ile ya Uingereza ya 2013 na kupitiwa upya 2019, inataka hivyo hivyo: bila kurudisha, hakuna jibu. Huku kwetu tunapima nusu, kisha tunamtangazia mama majibu kamili.

Na kurudisha kunahitajika kwa sababu moja ambayo kila bibi anaijua: watoto hutulia wenyewe. Kilio cha mtoto mchanga huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua, na kufikia mwezi wa tatu au wa nne wengi wameshanyamaza. Sasa mtoto anapelekwa kwa daktari lini? Wiki ya sita, nyumba nzima haijalala, baba anatafuta kisingizio cha kwenda safari. Mama anaambiwa aache maziwa. Mwezi mmoja baadaye mtoto kimya. "Umeona? Yalikuwa maziwa!" Mngemwambia mama huyo aache kuvaa khanga nyekundu, mtoto angetulia vilevile, na leo tungekuwa na ukoo mzima unaoogopa khanga nyekundu.

Kati ya watoto wanaonyonya maziwa ya mama peke yake, wenye mzio huu kweli hukadiriwa kuwa karibu 1 katika kila 200. Lakini kucheua, gesi, choo cha kijani, kujikunja miguu saa nne usiku? Hayo karibu wote wanayo. Ndiyo maana sishangai kila nyumba siku hizi ina mtoto "asiyepatana na maziwa".

Mama yangu, ambaye ndiye mama mkwe wa huyu wifi, ana maelezo yake: mtoto alikuwa na chango, na dawa yake ni majani fulani. (Hayo majani mtoto wa chini ya miezi sita hapewi, tumeshagombana sana juu ya hilo.) Lakini hata mama yangu dawa yake ina siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Hata mwiko wa mganga hufunguliwa. Huu wa hospitali ndio umekuwa wa milele.

Sasa fikiria huyo mama analishwa nini. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, na kalisiamu kama miligramu 1,000. Glasi moja ya maziwa ingempa karibu miligramu 300 za hiyo kalisiamu. Kwetu mzazi alikuwa anakaa ndani miezi mitatu analishwa mtori na maziwa mpaka mashavu yanang'aa. Wifi yangu kaondolewa maziwa, na badala yake akapewa nini? Pole. Hakuna aliyemwambia hata ale dagaa wazima na mifupa yake. Na kwa kuwa yeye haruhusiwi, kaamua mwenyewe kwamba na mtoto haruhusiwi, kwa hiyo uji wa mtoto unapikwa kwa maji matupu. Mtu akimwona mtoto kakonda hatauliza uji umewekwa nini. Atasema kabemendwa.

Mtaniambia akina mama wenyewe wanaogopa kurudisha. Wanaogopa, ndiyo! Nani anataka zile nyakati za usiku tena? Lakini wanaogopa kwa sababu hawakuelezwa. Dalili za mzio wa aina hii, ule unaochelewa, hujitokeza baada ya saa kadhaa, au hata siku 2 au 3, na ukiacha maziwa hupungua. Unachagua wiki iliyotulia: si wiki ya chanjo, si wiki ya mafua, si wiki ambayo mtoto ameanzishiwa chakula kipya. Unaanza na kidogo, unaongeza mpaka ufike kiasi chako cha kawaida, unaandika kwenye karatasi unachokiona. Kama uliacha maziwa na mayai na karanga kwa mpigo, maana wengine huambiwa waache dunia nzima, unarudisha kimoja kimoja.

Sisemi mtu ajaribie kila mtoto nyumbani. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo au macho, kutoka vipele mwilini ghafla, kupumua kwa shida, au kutapika mfululizo mpaka akalegea, huyo ni wa hospitali, na kurudisha ni huko huko. Mwenye damu kwenye choo au asiyeongezeka uzito, daktari kwanza. Hao wapo, nimewaona, na mama zao si waoga.

Na ambao dalili zilirudi kweli? Mwiko wao pia una mwisho. Wanasubiri mtoto afike miezi 9 hadi 12, na awe amekaa angalau miezi 6 bila maziwa, kisha kwa ushauri wa daktari wanapanda ngazi: biskuti yenye maziwa kidogo, keki, chapati za maji za maziwa, jibini, mtindi, mwisho maziwa yenyewe. Wanaanza na vilivyookwa kwa sababu moto na unga hupunguza makali ya protini. Wengi huuacha mzio huu kabla hawajaanza shule.

Kuhusu laktosi, ile sukari ya maziwa (mzio huu ni wa protini, si wa sukari): mnaomuuzia mama maziwa "yasiyo na laktosi" kwa bei ya kuku, laktosi ipo ndani ya maziwa ya mama mwenyewe, awe amekunywa ndoo au hajagusa tone. Maziwa ya mbuzi nayo protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Na mtindi bado ni maziwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba daktari mwenye foleni mpaka getini hana muda wa kumsomesha kila mama. Sawa. Lakini "rudi baada ya wiki nne tuyajaribu tena" ni maneno machache kuliko yale ya dawa ya gesi aliyoiandika siku hiyo hiyo. Kadi ya kliniki ina tarehe ya chanjo, ina tarehe ya vitamini A, ina mahali pa kuandika kilo za mtoto. Siku mnayomwachisha mama maziwa, mwandikieni na tarehe ya kuyajaribu tena, kwa kalamu ile ile.