Printa, Waifai na Wifi Yangu

Kwanza tuelewane. Humu nitaandika waifai kwa ile intaneti ya hewani, na wifi kwa dada wa mume wangu. Siku ile vilichanganyika, na mimi ndiye niliyeumbuka.

Ilikuwa Julai, Uyole, Mbeya, baridi ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Usiku umeme ukakatika, na uliporudi ukarudi na hasira zake. Rauta yetu, kile kisanduku kinachorusha waifai, ikatoa harufu ya plastiki ya kuungua, habari yake ikaishia hapo. Kesho yake nikateremka Mwanjelwa kununua nyingine. Simu ikashika, runinga ikashika, kompyuta ikashika. Printa ikagoma. Kitaa chake cha buluu kikawa kinapepesa tu, kama mtu aliyeulizwa deni mbele za watu.

Na Jumamosi kikoba kinakaa, katibu ni mimi, wanachama 24 wanasubiri taarifa. Nikabonyeza kuchapa. Kimya. Nikabonyeza tena, na tena. Mume wangu akapita na sweta lake, akasema, "Labda wino," akaenda zake. Kwake yeye hata tairi likipasuka ni wino.

Nikampigia fundi.

"Mama, hiyo printa haina kosa, inamtafuta marehemu. Imekariri jina na paswedi ya rauta ya zamani, hii mpya haiijui. Ama uifundishe, ama rauta mpya uipe jina lile lile na paswedi ile ile, herufi kwa herufi. Kubwa iwe kubwa, ndogo iwe ndogo."

Nikaanza kwa kuifundisha. Kioo cha printa yangu ni kama lebo ya kiberiti, na vitufe viwili vya mishale. Ukitaka r unatoka a unapanda ngazi moja moja, ukiteleza ukaipita unazunguka hadi z na kuanza upya. Halafu jina la waifai nililokuwa nalitafuta halikuwemo kabisa. Fundi akacheka: nilikuwa natafuta lile lenye 5G mwishoni, yaani la mawimbi ya gigahezi 5, na printa nyingi za nyumbani zinasikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Haya, nikapata jina lenyewe. Paswedi ya kwenye stika ina herufi na namba 16, imepangwa kama imeandikwa na mlevi. Nilipofika ya 13 kioo kikazima. Mara ya pili kikazima kwenye ya 15. Nikaiambia maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kusikia.

Basi tukahamia njia ya pili. Kwenye kompyuta nikaandika 192.168.1.1, ukurasa wa rauta ukafunguka. Jina la zamani nalikumbuka. Paswedi nimeisahau.

Wifi alikuwa kwenye kochi na blanketi. Alitoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, amekuja "siku mbili tatu", na hiyo ilikuwa wiki ya tano. Akaiokota ile rauta iliyoungua, akaigeuza.

"Wifi, mbona imeandikwa huku chini, kwenye plasta? Nikusomee?"

"Hee, nisomee wifi yangu, Mungu akubariki!"

Akavaa miwani. "W. I. F. I." Naandika. "A. N. A." Naandika. "O..."

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana alikuja vilevile siku mbili tatu, akakaa hadi mahindi yakakomaa. Usiku mmoja, kwa hasira, nikabadilisha paswedi. Simu yake nilikuwa naiunganisha mwenyewe, kwa mkono wangu.

"...N. D. O. K. A." Sauti ikaanza kupunguza mwendo. "L. I. N. I." Akashusha miwani. Akasoma tena, safari hii kwa mkupuo.

"Wifi, siyo wewe!" nikaruka. "Ni waifai hiyo! Ile rauta ilikuwa inakatikakatika, ndiyo nikaandika, wifi anaondoka lini..."

Nilisahau kitu kimoja. Wifi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili.

"Ya hewani ingekuwa *inaondoka*," akasema taratibu. "Hiyo *a* ni ya mtu."

Nikabonyeza kuhifadhi kwa kukosa pa kuweka mikono. Rauta ikazima, ikawaka. Kitaa cha buluu kikatulia. Na katikati ya ule ukimya printa ikanguruma, ikaanza kutema taarifa ya kikoba, mara zote nilizobonyeza tangu asubuhi, wifi akiokota karatasi na kuzipanga bila neno.

Jumatano akapanda kosta ya Tukuyu. Nimemwandalia kilo mbili za mchele wa Kyela, akapokea, akaniambia niendelee kuwa makini na ngeli.

Paswedi sijaibadilisha. Nikiigusa, printa itasahau tena, na vile vitufe vya mishale sivirudii. Ila mwezi wa nane anakuja mama mkwe, na siku hizi ana simu janja.