Jogoo Asiye na Supu

Leo nimezima mashine saa nne asubuhi, nimekaa juu ya ndoo, siongei na mtu. Mtoto wa jirani kaja na baiskeli nimuungie pedeli, nimemwambia arudi kesho. Nina majonzi ya kisanaa.

Mnajua nilivyoanza. Nilichoka kuchomelea mageti ya watu wanaolipa nusu, nusu nyingine "mwisho wa mwezi", mwezi wenyewe hawautaji. Nikaamua kuwa msanii. Mke wangu nikamkataza kuniita fundi. Akasema sawa msanii, unga umeisha.

Jogoo wangu wa kwanza nimemuunda siku tisa. Miguu ya nondo, mkia wa spoku, manyoya ya cheni chakavu za bodaboda nilizoloweka kwenye dizeli usiku kucha ili kutu iachie. Upanga wa kichwani nimeukata kwenye boneti ya gari jekundu, sikuupaka rangi hata tone. Nikampiga vanishi mara mbili, maana hewa ya bahari ya Dar haina adabu kwa chuma, nikamsimamisha barabarani.

Asubuhi hii akasimama mama mmoja na kikapu chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi, mama. Ni sanaa. Unamweka sebuleni."

"Nikishamweka?"

"Unamtazama."

Akamtazama palepale, kwa makini, mpaka akaridhika. "Haya, nimemtazama. Bei gani?"

"Elfu themanini."

Akaweka kikapu chini. "Baba, jogoo mzima, anayewika, elfu thelathini. Na ana supu."

Nikajikohoza. Nikamweleza habari za ubunifu, mkono nimeunyoosha kama mgeni rasmi. Nikamweleza pakiti nzima ya elektrodi, umeme uliokatika mara tatu nikiwa katikati ya bawa, na usiku nilioulala macho yakiwasha kama yametiwa mchanga. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akamshika jogoo shingoni, akamnyanyua, akamshusha. "Huyu hazidi kilo sita. Mnunuzi wa skrepa pale chini anachukua kilo kwa mia nane."

Nikasema mama, huyu hapimwi! Wapi. Ameshafika kwa mwenye bucha kuazima mzani. Mwenye bucha akaja nao mwenyewe, aproni na damu yake, nyuma madereva wa bodaboda wanne waliokosa abiria. Wakamtundika jogoo wangu kwa mdomo, kwenye ndoano ileile ya maini. Kimya. Mshale ukatulia.

"Sita na robo," akatangaza mwenye bucha. "Elfu tano kamili."

Dereva mmoja akauliza kama bei ni pamoja na utumbo.

Mama akanionea huruma, na hapo ndipo aliponimaliza. "Mwanangu, nitakupa elfu kumi na tano. Mfungue mgongo, tia wavu wa mkaa, na chini ya mkia toboa mlango wa majivu."

Jiko! Siku tisa! Na chini ya mkia!

Ameacha kianzio elfu tano. Ndiyo, nimepokea. Unga umeshanunuliwa, mniache.

Juzi mzungu aliuliza kama ni mpingo. Mjomba wangu yeye anamtaka bure, amsimamishe shambani atishie kunguru. Kunguru wa mji huu watishike na chuma? Hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakamaliza Zanzibar wakavuka? Wananiibia waya wa kufungia nondo, wanajengea viota. Juu ya mwembe pale kuna kiota chenye chuma kizuri kuliko cha banda langu, na nina hakika kipande changu cha shaba nilichokitafuta wiki nzima kiko humo. Nimeenda kwa mwenye bucha kuazima ngazi. Anasema sawa, lakini kwanza nimnyooshee ndoano. Jogoo wangu ameipinda.