Dawa ya Lami: Ushike Brashi Mwenyewe au Umwite Fundi?

Kila Juni, theluji ikishasahaulika hapa Minnesota, Wakenya tulionunua nyumba pande za Brooklyn Park huanza ubishi uleule tukiwa tumezunguka nyama choma. Ile njia ya gari mbele ya gereji, iliyokuwa nyeusi ti siku tuliyokabidhiwa funguo na sasa imekuwa ya kijivu kama punda, tuipake dawa wenyewe au tumwite fundi? Nyumbani swali hili lisingezuka. Ua wenye kabro unafagiwa, basi. Na kazi ya mikono ikitokea, fundi yupo na bei huzungumzwa. Huku fundi ni ghali, na maduka ya vifaa hupanga ndoo za dawa ya lami hapo mlangoni, huwezi kuingia kununua msumari usizione.

Nasema dawa kwa maana ya dawa ya viatu, na ulinganisho huo unasaidia kuliko ule wa rangi ya nyumba. Barabara ya lami ni kokoto na mchanga vilivyoshikanishwa na gundi nyeusi, na gundi yenyewe ni takriban asilimia 5 tu ya uzito wote. Jua na hewa huikausha. Ikikauka hukakamaa na kupasuka, maji hupenya, halafu usiku wa Novemba maji hayo huganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena, na kufikia Aprili ufa uliokuwa kama uzi unaingia kidole. Dawa ni ngozi nyembamba inayokinga uso wa lami na jua, maji na matone ya mafuta ya gari. Haiongezi nguvu na haiinui palipodidimia. Ukiona nyufa zimesukana kama ngozi ya mamba, jua kwamba udongo na kokoto za chini zimekwisha kulegea. Hapo kupaka dawa ni kumtia mamba wanja. Panahitaji kukatwa na kujengwa upya, na hiyo si kazi ya Jumamosi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani apake, uliza kama kuna haja ya kupaka. Lami mpya huachwa kati ya miezi 6 na mwaka mzima ndipo iguswe. Baada ya hapo, kila miaka 2 hadi 4 inatosha. Nina jirani anayepaka kila kiangazi kama ibada, na sasa dawa yake inabanduka vipande vipande kama rangi ya zamani kwenye mlango wa bati, maana tabaka limelala juu ya tabaka hadi limekuwa nene na linapasuka lenyewe. Wapo hata mafundi wa lami wanaokiri kwamba sehemu kubwa ya faida yake ni sura. Siwapingi sana, ila naona wanapunguza mno: lami nzima isiyo na nyufa kubwa hufaidika kweli.

Sasa hesabu. Njia yangu ina upana wa futi 20 na urefu wa futi 40, karibu mita za mraba 75. Ndoo ya galoni 5, yaani lita 19, inatosha tabaka moja la mita 30 hadi 40, na matabaka yanatakiwa kuwa mawili, membamba. Mwaka juzi nilinunua ndoo 5, fimbo yenye ubapa wa mpira kama ile ya kusukumia maji sakafuni, brashi, dumu la kujazia nyufa na sabuni ya kutoa madoa ya mafuta. Vyote vilifika kama dola 230. Fundi alikuwa ameniambia 400. Nilijiona mjanja.

Shemeji yangu hakuniona mjanja. Yeye hufanya zamu za usiku katika nyumba za kutunzia wagonjwa kama wengi wetu, na hesabu yake ni fupi: "Shemeji, hizo siku mbili na nusu ulizokesha na brashi, ungechukua zamu ngapi?" Sheria ya Marekani inataka wafanyakazi wa namna yetu walipwe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki. Mtu wa dola 20 kwa saa, zamu moja ya ziada ya saa 8 inampa dola 240 kabla ya kodi. Mimi niliokoa 170. Hoja yake ina nguvu, ingawa inasahau kwamba zamu ya ziada haipatikani kila mara, na kwamba mtu akipumzika Jumapili hajapoteza kitu. Yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni hoja asiyoitaja: mgongo. Aliyewainua wagonjwa wiki nzima hana biashara ya kubeba ndoo tano, kila moja ikizidi kilo 20, halafu ainame kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Kupaka kwenyewe ni rahisi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Yule anayejipiga video hutuonyesha dawa nyeusi ikitiririka na uso ukigeuka kioo. Hatuonyeshi siku ya kwanza: kung'oa magugu kwenye nyufa, kupuliza vumbi, kusugua madoa ya mafuta kwa sabuni, kuosha, kungoja pakauke, kujaza ufa mmoja mmoja. Dawa ikikuta vumbi inashika vumbi, na vumbi likiondoka inaondoka nalo. Kisha uwe na hali ya hewa: angalau nyuzi 10 za Selsiasi, usiku ukihesabiwa, na siku nzima bila mvua. Huku hiyo ni Juni hadi katikati ya Septemba, na ngurumo hazikosekani. Mimi nilifanya yote hayo vizuri, kisha nikaona tabaka moja nene litafanya kazi ya mawili. Halikukauka. Siku ya tatu tairi la nyuma la Corolla lilinyanyua kipande kizima, na alama zake ziko sakafuni mwa gereji hadi leo. Mke wangu huwaonyesha wageni.

Upande wa fundi, watu husifu kasi: wawili na tangi la kupulizia, saa mbili wameondoka. Kasi hiyo hainivutii sana. Dawa ya kupuliziwa bila kusukumwa kwa brashi inaweza kubaki juujuu tu, na tangi haliandikwi ndani mna maji kiasi gani. Kuna kiwango cha maji anachokiruhusu mtengenezaji, na kuna kiwango cha mtu anayetaka tangi moja limalize mtaa. Wewe mwenye ndoo angalau unajua umemimina nini.

Ninachomheshimia fundi mzuri ni nyufa. Ana mtungi wa kuyeyushia mpira maalumu wa lami unaomiminwa ukiwa na joto la karibu nyuzi 190. Mpira huo hushika kuta za ufa na kuvutika nao baridi inapouachanisha, kisha unarudi joto likija. Kile cha dumu tulichomimina mimi na wewe kikiwa baridi kinakauka, kinasinyaa, na kufikia Machi ufa umejitenga nacho. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tunaitaja sana kwenye ubishi huu, lakini wazee walisema ufa. Rangi hawakuitaja.

Lazima niseme pia juu ya fundi wa aina ya tatu, yule anayebisha hodi mwenyewe. Ana lori, ana haraka, na ana maneno ambayo mashirika ya kulinda wateja yamekuwa yakiyaonya kwa miaka mingi: tumemaliza kazi hapo karibu, tumebakiwa na lami, tukupe bei ya kutupa. Anataka pesa taslimu. Kanuni ya shirikisho inampa mnunuzi siku 3 za kazi kubatilisha mauzo ya mlangoni yanayofika dola 25, lakini utampelekea nani barua ilhali lori halina hata jina? Sisi wageni tunaumia zaidi kwa sababu ya adabu zetu. Mtu akiwa mlangoni tunamkaribisha kwanza. Mwache hapo nje. Fundi wa kweli atakuandikia bei, atakuonyesha bima yake, na hatakasirika ukimwambia utamjibu kesho.

Na muulize ndani ya tangi mna nini. Zamani dawa nyingi zilitokana na lami ya makaa ya mawe, mabaki ya viwanda vya chuma. Watafiti wa Shirika la Jiolojia la Marekani waligundua kwamba kemikali zake zinazohusishwa na saratani zinafika takriban mara 1,000 ya zile za dawa itokanayo na mafuta ya petroli. Austin, Texas, uliipiga marufuku mwaka 2006, na Minnesota nzima kuanzia 2014. Mwenye ndoo naye asijione mtakatifu: maji ya mifereji ya mtaani huingia ziwani bila kusafishwa, kwa hiyo brashi haioshewi kando ya barabara.

Kama njia yako ni fupi, haina nyufa za kupita upana wa penseli, na una wikendi mbili mfululizo (ya pili ni ya mvua itakayoharibu ya kwanza), paka mwenyewe. Tofauti ya ubora utaiona kwa shida. Nyufa zikiwa pana, usimlipe mtu akupakie weusi juu yake, mlipe azizibe. Mwaka huu nimemwambia fundi aje na mtungi wake wa mpira tu, tangi aliache. Alishangaa, akasema wateja wengi humwomba kinyume chake. Punda wangu atabaki wa kijivu hadi mwakani, mistari myeusi mgongoni kama pundamilia, na shemeji amekwisha kunicheka.