Andor na ule msiba wa Ferrix

Niseme mapema, mi sio mtu wa Star Wars, zile filamu za vita vya anga, kabisa. Filamu ya kwanza ilitoka 1977 na zimefuata nyingi mno, nilichokuwa najua mimi ni yale mapanga ya mwanga na yule jamaa mweusi tii anayehema kwenye kofia, basi. Sasa mpwa wangu alikuja likizo mwezi wa saba, na baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua wenyewe, jioni hutoki ndani, akasema mjomba kaa tuangalie Andor, sirizi ya hao hao Star Wars. Nikamwambia hiyo si mpaka uwe umeziona zote? Akasema hapana, hii unaingia tu.

Na kweli unaingia tu, na hiyo ndo hoja yangu. Sirizi nyingi zinazozaliwa na kitu kikubwa zinakudai, mtu anatokea mlangoni muziki unapanda, unaona kabisa hapa nilitakiwa nishtuke ila simjui huyu ni nani. Andor haikudai. Imezaliwa na filamu ya Rogue One ya 2016, inamfuata Cassian Andor (ndo Diego Luna) miaka mitano kabla ya pale, kama Rogue One uliiona mwisho wake unaujua, kama hukuiona hupungukiwi. Msimu wa kwanza ni wa 2022, episodi 12, kiongozi wa uandishi Tony Gilroy, na mapanga ya mwanga hamna.

Inaanza taratibu, sikatai, mpwa alinibembeleza nifike ya tatu. Ila kilichonishika sio risasi, ni mji wenyewe. Ferrix ni mji wa skrepa jamani! Wanabomoa vyombo vya zamani wanauza spea, na mi nauza spea za bodaboda hapa Kabwe kwahiyo macho yangu yalienda huko moja kwa moja. Kuna mtu anapanda mnarani anagonga chuma kwa nyundo, mji mzima unajua saa imefika. Na kuna ukuta umetundikwa glavu za mafundi, zimechakaa, kila mtu na zake. Hakuna anayekueleza za nini, zipo tu kama zinavyokuwepo gereji yoyote.

Gerezani anakofungwa Cassian pia kuzuri (Narkina 5, wafungwa peku peku kwenye sakafu ya umeme, wafungwa wa meza inayoshindwa kazi wanapigwa shoti), hiyo kila mtu anaisifia na mi nasifia, sina la kuongeza.

Mi nataka kuongelea msiba. Maarva, mama aliyemlea Cassian, anafariki, na karoboti kake ka miaka yote, Bee, kanagoma kutoka nyumbani. Kanasema hakataki kubaki peke yake. Brasso, fundi mmoja jirani, jitu la miraba minne, anakubali kulala pale usiku ule. Yaani analala msibani! Kwa roboti! Nimeangalia muvi za anga za kutosha, sijawahi kuona mtu akikumbuka kwamba mfiwa halazwi peke yake.

Halafu mazishi. Kule majivu ya marehemu wanayatengenezea tofali, linajengewa ukutani, na siku hiyo bendi inatoka na matarumbeta, taratibu, nzito, watu wanaungana nayo mtaa kwa mtaa. Kama umewahi kusindikiza maiti ya Kimoravian huku kwetu, iwe Rungwe iwe hapa mjini, zile tarumbeta unazijua zinakuingia wapi. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage, akaja na ungo wake mkononi akauliza nani kafa. Tukamweleza. Akakaa mpaka mwisho, hata pale Brasso anapompiga askari wa Dola inayowatawala kwa lile lile tofali la marehemu, mama akasema haya, na bado ameshika ungo.

Sasa msimu wa pili, wa 2025, ndo nina ugomvi nao. Kila episodi tatu unaruka mwaka mzima, kwahiyo watu tuliowazoea wanapita haraka haraka. Ghorman, ile sayari ambayo raia wake wanauawa kwa wingi, imenitoa machozi, hilo nalikubali. Ila Brasso jamani. Yeye na wenzake wamekimbilia Mina-Rau, sayari ya mashamba ya ngano, wanatengeneza mashine za wakulima bila vibali, askari wanakuja kukagua na Brasso anauawa humo humo shambani, episodi ya tatu tu, na hadithi inaondoka. Hakuna tarumbeta, hakuna hata wa kukaa naye. Najua vita ndivyo ilivyo na labda ndo walichotaka tukisikie, lakini mtu aliyelala msibani kwa ajili ya roboti mi namdai mazishi.

Mama aliniuliza siku ya pili yake asubuhi, tunakunywa chai, yule jitu kubwa wamemjengea tofali lake wapi. Nikamwambia hawajaonyesha.